Land Rover Series III ya urithi: geji zipi za kuongeza?

*"Shikamoo fundi. Marehemu baba aliniachia Land Rover Series III ya petroli, ya mwaka 1977. Naishi Iringa na kila mwezi nashuka nayo hadi Morogoro. Kwenye dashibodi kuna spidi, geji ya mafuta na geji ya joto tu, pamoja na taa ya oili na taa ya chaji. Mwaka jana nikiwa napanda Kitonga mvuke ulianza kutoka kwenye boneti, lakini mshale wa joto ulikuwa unashuka! Tangu hapo siuamini. Tena siku nyingine mshale wa mafuta na wa joto hupanda pamoja, hata kama ndiyo kwanza nimewasha gari. Fundi wangu anashauri nifunge geji sita: presha ya oili, joto la oili, ampia, volti, vakyumu na mizunguko ya injini. Anataka kutoboa dashibodi, na kung'oa swichi ya taa ya oili ili sensa ya geji ikae pale. Je, zote sita ni za lazima? Nitoboe? Na je, zingeniokoa siku ile ya Kitonga?"*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee.

Nianze na swali lako la mwisho, maana jibu lake ndilo linaloamua mengine. Geji hizo sita zisingekuokoa siku ile. Zitazame tena moja moja: presha ya oili, joto la oili, ampia, volti, vakyumu, mizunguko. Hakuna hata moja inayopima maji, na dalili ulizoeleza ni za gari lililopoteza maji. Joto la oili lingepanda, lakini lingepanda kwa kuchelewa, wakati mvuke umeshakuambia kila kitu. Kwa hiyo kabla hujatoa hela ya geji mpya, tuelewe kwanza kwa nini ile uliyonayo ilishuka wakati injini inaungua.

Sensa ya joto kwenye injini yako ya lita 2.25 iko upande wa mbele wa silinda hedi (kichwa cha injini), karibu na themostati, ile vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta. Ndani yake kuna kidonge ambacho ukinzani wake wa umeme hupungua kadiri kinavyopata joto. Ukinzani ukipungua, umeme mwingi zaidi hupita kwenye geji na mshale hupanda. Kidonge hicho hakijui habari za injini nzima. Kinajua joto la kitu kinachokigusa tu. Maji yakijaa, kinaguswa na maji, na kinachosema ni kweli. Maji yakishuka chini ya usawa wa sensa, ncha yake inabaki kwenye mfuko wa hewa na mvuke, na hewa hupeleka joto kwa udhaifu sana ikilinganishwa na maji. Mshale unalegea, dereva anashusha pumzi akidhani hali imetulia, kumbe chuma cha hedi kinazidi kupanda joto. Kwa hiyo usiihukumu geji yako kuwa mbovu kwa sababu ya siku ile. Iliripoti sawasawa kile ilichokigusa. Hata ungenunua geji mpya ya joto ya bei ya juu ukaifunga mahali palepale, ingekufanyia hivyo hivyo.

Na Kitonga ni mahali pabaya pa kujifunzia haya. Ukitoka Ruaha Mbuyuni kuelekea Ilula unapanda kwa gia nzito nyuma ya malori, injini inafanya kazi yote lakini upepo wa mwendo haupo, na feni yako inazungushwa na mkanda wa injini yenyewe. Halafu kuna jambo la mwinuko ambalo madereva wengi wa Nyanda za Juu hawalifikirii. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji ya sufuriani huko huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi, si 100. Kinachokuokoa ni kifuniko cha rejeta: kikiwa kizima, cha psi 9 (psi ni kipimo cha presha), kinainua kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 110. Springi yake ikichoka, unarudi kwenye 95, wakati themostati ya nyuzi 82 inaanza kufunguka ukiwa tayari umekaribia hapo. Nafasi iliyobaki ni finyu mno. Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua ni kifuniko kipya cha rejeta chenye presha inayostahili, kisha ukague mipira ya maji na pampu. Geji zitasubiri.

Sasa hiyo mishale miwili kupanda pamoja. Hapa umenipa ushahidi mzuri kuliko unavyodhani. Petroli haiwezi kuongezeka yenyewe tangini, hivyo mshale wa mafuta ukipanda sambamba na wa joto, kosa liko kwenye kitu wanachochangia. Kitu hicho ni kiboksi kidogo nyuma ya paneli ya geji, ambacho mafundi umeme wanakiita stebilaiza. Geji zako mbili ni za aina inayosogea polepole kwa joto la waya wake wa ndani, na zimetengenezwa kwa volti 10. Umeme wa gari hauko hivyo. Mara 12, mara 14. Stebilaiza ya zamani inafungua na kufunga umeme harakaharaka ili wastani wake ubaki volti 10. Ili ifanye hivyo inahitaji ethi nzuri kwenye bodi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Ethi ikishika kutu, inaacha kukata, umeme wote unapita moja kwa moja, na mishale yote miwili inapanda hata injini ikiwa ya baridi.

Toa waya wa hasi wa betri, fungua paneli, sugua kwa msasa pale stebilaiza inapogusa bodi, kaza, rudisha, jaribu. Mara nyingi kazi inaishia hapo. Isipoisha, nunua stebilaiza ya kielektroniki ya volti 10. Bei yake si kubwa na haina kitu cha ndani kinachochoka. Ukiamua kubaki na ile ya zamani usiifunge kichwa chini, kwa sababu ina mkao wake. Na ukiipima kwa multimita ya kidijitali usishtuke namba zikicheza kama zimechanganyikiwa; kwa ile ya zamani kuchezacheza ndiyo kazi yake.

Baada ya hapo ipime sensa. Injini ikiwa ya baridi, punguza maji kidogo, fungua sensa, ibakishe kwenye waya wake na uunganishe mwili wake kwenye bodi kwa waya mwingine. Washa swichi, kisha ichovye ncha yake kwenye maji yaliyotoka kuchemka ambayo umeyaleta kwenye chupa ya chai. Mshale upande taratibu bila kuruka na ukae juu kidogo ya pale unapokaa siku zote. Ukifanya hivyo, geji aliyoiacha mzee inaaminika tena.

Kwa tatizo la maji kupotea, ninachokushauri ni kengele. Ziko za aina mbili zinazofaa. Moja ina ncha inayogusa maji kwenye tangi la juu la rejeta au kwenye kiungio kinachopachikwa katikati ya mpira wa juu. Maji yakiiacha, taa inawaka na baza inalia. Nyingine ina sensa yenye umbo la pete inayobanwa chini ya boliti kwenye chuma cha hedi. Hii inapima joto la chuma chenyewe, hivyo maji yawepo au yasiwepo inaendelea kusema kweli. Mimi ningechagua ya pete, kwa kuwa haihitaji kukata mpira wala kuchomelea rejeta, na siku ukitaka kuitoa haiachi alama. Ila nakuomba sana: usikubali mtu afungue boliti kubwa za kushikilia hedi ili aweke pete hiyo. Boliti hizo zimekazwa kwa kipimo na kwa mpangilio, na ukiigusa moja unaialika gasketi ivuje. Tafuta boliti ndogo iliyoingia kwenye chuma cha hedi. Endesha wiki moja ukiangalia joto la kawaida ni kiasi gani, ukiwa tambarare na ukiwa mlimani, kisha iweke kengele ilie nyuzi kumi hivi juu ya kiwango cha juu ulichokiona.

Twende kwenye geji zenyewe. Katika sita za fundi wako ningefunga mbili, presha ya oili na volti, na nitakueleza kwa kirefu. Nne zilizobaki nitazipitia upesi.

Presha ya oili ndiyo geji ambayo ningetaka kila injini ya umri huu iwe nayo. Watu wengi wanadhani presha ni kipimo cha wingi wa oili. Wingi unapimwa na dipstiki. Presha inatokana na ubishi: pampu inasukuma oili, na nafasi nyembamba kati ya beringi na krankshafti (mhimili mkuu wa injini) inaikatalia isipite kirahisi. Ni kama kubana mdomo wa mpira wa kumwagilia bustani. Ukiuachia, maji yanatoka tele lakini hayana nguvu. Beringi zikila, nafasi zinapanuka, na presha inashuka hata kama oili iko hadi juu. Vivyo hivyo oili ikiwa nyepesi, kwa joto kali au kwa kuchanganyika na petroli, inapita kirahisi na presha inashuka.

Kwa injini yako kiwanda kilitaja psi 35 hadi 65 injini ikiwa na joto, kwa mwendo wa kilomita 48 kwa saa katika gia ya nne. Injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta, imeshapata joto, psi 15 au 20 si jambo la kukunyima usingizi. Asubuhi ya baridi kule Iringa itapanda juu sana kwa dakika chache kisha itulie, nayo ni kawaida. Taa yako ya oili haikuambii lolote katika haya yote. Swichi yake inawasha taa presha ikishuka chini ya psi 10 au karibu na hapo. Ukiwa unapanda mlima na mzigo, injini inaweza kuwa inafanya kazi na psi 15 pale ilipotakiwa kuwa na 40, na taa imezima kabisa. Ikija kuwaka, beringi zimeshaumia.

Lakini hapo ndipo ninapotofautiana kabisa na fundi wako: usimruhusu aing'oe taa. Geji na taa zinafanya kazi mbili. Geji inakuonyesha mabadiliko ya polepole, ya wiki na miezi. Inamfaa dereva anayeitazama. Taa ni ya sekunde ile paipu ya oili inapopasuka na macho yako yako kwenye lori linalorudi nyuma mbele yako. Suluhisho ni kiungio cha matawi matatu pale penye swichi: tawi moja swichi ya zamani, tawi jingine sensa ya geji. Sensa za geji ni nzito, na injini hii ya silinda nne inatikisika. Kiungio cha shaba kikibeba sensa mbili huku kinaning'inia kitakuja kukatika shingoni na kumwaga oili yote barabarani. Kwa hiyo unganisha mpira mfupi wa presha wenye ngozi ya chuma kutoka kwenye injini, na kiungio pamoja na sensa zake vifungwe kwenye kibati kwenye bodi. Sensa ikiwa kwenye bodi, hakikisha kibati hicho kimeunganishwa vizuri na ethi ya injini.

Kuna balaa dogo la thredi hapa ambalo limeharibu vichwa vingi vya filta ya oili, pale swichi inapoingia. Thredi ya bomba ya Kimarekani na ile ya Kiingereza, zote za moja ya nane ya inchi, zinafanana sana kwa macho: moja ina meno 27 kwa inchi, nyingine 28. Ukiilazimisha isiyo yake itaingia mizunguko miwili mitatu vizuri kabisa, kisha itaanza kukata. Sensa nyingi za Ulaya bara zina za kwao tena. Usiamini maneno ya muuza duka. Chukua swichi yako ya zamani, nenda nayo, na thredi ipimwe kwa kipimo cha thredi. Halafu tepu nyeupe ya mabomba itumie kwa uchache, ukiacha thredi za mwanzo wazi, maana sensa nyingi zinapata ethi kupitia hizo hizo thredi; ukizifunika zote, geji itasoma uongo.

Geji na sensa vinunuliwe pamoja, seti moja. Sensa nyingi za Ulaya zinatoka ohmu (kipimo cha ukinzani) 10 na kupanda hadi 180 hivi kadiri presha inavyopanda. Za mfumo wa Kimarekani zinaanza 240 na kushuka hadi 33. Ukichanganya sensa ya mfumo mmoja na geji ya mwingine utapata mshale unaotembea kinyume, nawe utauza injini nzima kwa sababu ya hesabu isiyolingana.

Je, ya umeme au ya kimekanika, ile inayoletewa oili yenyewe kwa kibomba hadi kwenye dashibodi? Ya kimekanika inasema kweli zaidi na haitegemei betri. Ubaya wake ni kwamba unaileta oili ya moto, yenye presha, karibu na miguu yako. Kibomba cha plastiki kinachokuja kwenye boksi kinachakaa kikisuguana na bati, na kikipasuka unapoteza oili na unaungua. Ukiitaka, weka kibomba cha shaba chenye mzunguko mmoja wa kukiwezesha kutikisika, au mpira wenye ngozi ya chuma. Kwa gari la safari ndefu kama lako ningefunga ya umeme, na ningemwomba fundi aipime mara moja kwa geji ya kimekanika ya gereji ili tujue inasema kweli.

Ya pili ni volti. Ni geji rahisi kuliko zote na inakueleza habari za betri, altaneta (mashine inayochaji betri) na mkanda kwa pamoja. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima inasoma karibu 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Injini ikizunguka, tarajia kati ya 13.8 na 14.4. Ikikaa kwenye 12 na kitu huku unatembea, altaneta haichaji au mkanda unateleza. Ikipita 15, regyuleta (kidhibiti cha volti cha altaneta) imekufa na betri inachemshwa; nenda gereji siku hiyo hiyo. Altaneta ya asili ya gari lako, kama bado ipo, ni ya ampia 34 tu, kwa hiyo ukiwasha taa kubwa, feni ya hita na spotilaiti kwa pamoja utaona mshale ukishuka, na geji itakuwa inakuambia kweli: umeme unaotumia umezidi unaotengenezwa.

Taa ya chaji nayo ibaki. Sababu yake ni tofauti na ya taa ya oili: umeme mdogo unaopita kwenye ile balbu ndio unaoiamsha altaneta ianze kuchaji unapowasha. Ukiitoa balbu, au ukaweka LED isiyo na rezista, altaneta inaweza kulala hata kama ni mpya. Nimeona watu wakibadilisha altaneta mbili kwa ajili ya balbu moja.

Ampia nisingefunga kabisa. Katika geji ya ampia ya kawaida, umeme wote wa gari unapita ndani ya geji yenyewe. Maana yake ni kuvuta waya nene, usio na fyuzi, kutoka kwenye betri hadi kwenye dashibodi na kurudi, kupitia kwenye tundu la bati. Ganda la waya huo likichubuka, au nati nyuma ya geji ikilegea, unawasha moto. Wenye Series II na IIA za mwanzo, matoleo yaliyotangulia lako, watakuambia zao zilitoka nayo kiwandani, na ni kweli, lakini zile zilikuwa na dainamo yenye umeme mdogo. Na ukisoma ushauri wa magari yale kuwa mwangalifu, maana za kabla ya mwaka 1967 hivi zilifungwa chanya ya betri kwenye bodi. Yako ni hasi.

Vakyumu, geji inayopima mvuto wa hewa ndani ya injini, ni kifaa kizuri cha fundi wakati wa kutyuni, ila kwa dereva wa Iringa kitaleta hofu ya bure. Vitabu vinasema injini nzima isome inchi 17 hadi 21 za zebaki, nao wanazungumzia usawa wa bahari. Kwa kila futi 1,000 unazopanda unapoteza inchi moja hivi, kwa hiyo kwako injini hiyo hiyo nzima itasoma inchi tano pungufu. Joto la oili lina maana kwa anayevuta tela jangwani. Geji ya mizunguko ni raha kuwa nayo na haina madhara, mradi iwe imewekewa silinda nne na iunganishwe upande wa hasi wa koili. Lakini injini hii inasikika vizuri kwa masikio.

Na kuhusu zile za kidijitali za bei rahisi, sizichukii zote, ila jua la mchana linazifuta usione kitu, na namba inakulazimisha uisome. Mshale unauona kwa kona ya jicho kwamba umehama mahali pake, na ukiwa Kitonga huna muda zaidi ya huo.

Waya sasa. Magari haya yanafuata rangi za Lucas, kampuni ya Uingereza iliyotengeneza vifaa vyake vya umeme, nazo ukizijua umepata nusu ya kazi. Kahawia ni umeme wa betri usio na fyuzi, usiuguse. Nyeupe unatoka kwenye swichi ya funguo, nao hauna fyuzi. Kijani unatoka kwenye swichi na umeshapita kwenye fyuzi. Huo ndio wa kulishia geji zako mpya, kupitia fyuzi ndogo ya ampia 2 au 3 ya kwake. Nyekundu yenye mstari mweupe ni wa taa za paneli, uutumie kwa taa za ndani ya geji. Nyeusi ni ethi. Kuna mtego mmoja: nyuma ya paneli utakuta pia kijani hafifu. Huo ni umeme wa volti 10 unaotoka kwenye stebilaiza. Ukilishia geji mpya ya volti 12 hapo itasoma chini na mishale ya zamani itaanza kuyumba. Gari la umri huu limepita mikono mingi, na huenda mtu alishaweka waya wowote aliokuwa nao mfukoni, kwa hiyo kila waya upimwe kwa tesita kabla ya kuunganishwa. Panapopita waya kwenye bati la injini pawe na raba. Viungio vibanwe kwa koleo lake au vichomewe risasi. Kusokota na kufunga selotepu hakufai kwenye gari linalotikisika hivi.

Kutoboa? Hapana. Geji mbili hazihitaji tundu hata moja. Mpe fundi bati atengeneze kipaneli kidogo cha kuning'inia chini ya dashibodi, kishikwe na skrubu zilizopo tayari, upande wa karibu na usukani lakini mbali na magoti. Kipake rangi nyeusi isiyong'aa ili usiku isirudishe mwanga kwenye kioo. Dashibodi iliyotobolewa ya gari hili ni shida kuipata nyingine nzima, na najua gari hili si bati tu kwako. Sehemu yoyote ya asili utakayoitoa ihifadhi kwenye boksi.

Kuna mambo ambayo siwezi kukutatulia kwa maandishi. Gari lilichemsha mwaka jana, na hujaniambia kama hedi ilikaguliwa. Hedi yako ni ya chuma, inavumilia kuliko za aluminiamu, lakini gasketi huungua na ufa huweza kuwepo. Ukiona mipira ya rejeta inakuwa migumu kama jiwe dakika chache tu baada ya kuwasha asubuhi, maji yanapungua bila kuvuja nje, oili ina rangi ya maziwa, au moshi mweupe hauishi hata injini ikishapata joto, lipeleke kwa fundi mwenye kifaa cha kupima presha ya rejeta kabla ya safari nyingine ya Morogoro. Ukishafunga geji ya oili nayo ikaonyesha chini ya psi 25 ukiwa kwenye mwendo na injini ya moto, na geji ya gereji ikakubali, nusa dipstiki kwanza. Ikinuka petroli, diaframu ya pampu ya mafuta imetoboka na inamwagia ndani ya injini. Hiyo ni kazi ya mchana mmoja. Isiponuka, beringi zinataka kufunguliwa na mtu unayemwamini. Na mshale wa presha ukianguka ghafla ukiwa njiani, zima injini papo hapo hata kama uko kwenye kona mbaya, weka jiwe nyuma ya gurudumu, halafu ndiyo ufungue boneti.